Vijana Wetu Ulingoni: Je, Sheria Zatosha?

 Mwezi huu akina mama wa kikundi chetu wametuomba tuandike juu ya jambo ambalo pengine wengi wenu mtashangaa kuliona katika kurasa hizi, yaani ngumi. Hatusemi ngumi za walevi kilabuni. Tunasema ngumi za ulingoni, pamoja na ule mchezo mwingine uitwao MMA, ambao vijana huutazama katika mabanda ya video na kwenye simu zao, ambamo wanaume na hata wasichana hupigana kwa ngumi, mateke, magoti na viwiko, na kukabana wakiwa chini.

Tumeombwa sisi kwa sababu tumefanya kazi ya uuguzi kwa zaidi ya miaka 20, na kanisani tunasaidia idara ya vijana. Baadhi ya vijana hao wanafanya mazoezi ya ngumi. Lilipokuja ombi la kutumia banda la kanisa kwa mazoezi, wazee walikataa kata kata, na akina mama wawili watatu wakasema heri ngumi kuliko bangi na kamari. Majadiliano yalikuwa marefu. Mwisho wake tuliona kuwa hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa amejiuliza sheria za mchezo wenyewe zikoje, na nani huamua kijana asimame au aendelee.

Tuanze kwa haki. Ngumi zimeiletea nchi yetu heshima. Titus Simba alirudi na medali ya fedha kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970. Michael Yombayomba alileta dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998. Birmingham mwaka 2022, Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike walipata shaba. Kwetu huku, jina la Francis Cheka wa Morogoro linajulikana na kila kondakta wa basi, na wakubwa zaidi bado wanamtaja Rashid Matumla. Kijana anayeendesha bodaboda ya mtu mwingine akiyasikia majina haya, moyo wake unawaka, na sisi hatumlaumu. Hata Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho aliona mfano wa bondia unafaa.

Sasa tuje kwenye sheria. Huo mchezo wa MMA ulipoanza kuonyeshwa huko Marekani, katika mji wa Denver mwezi Novemba 1993, haukuwa na majaji wala madaraja ya uzito. Mtu mwembamba aliweza kupangwa na jitu. Wakubwa wa serikali walikuja juu, majimbo mengi yakaupiga marufuku, na ndipo wenye mchezo walipokubali kuandika sheria. Leo wanapigana raundi 3 za dakika 5, au 5 kwa mapambano ya ubingwa, na majaji 3 hukaa pembeni na kadi zao. Sheria hizo hazijakaa mahali pamoja. Mwezi Novemba 2024 walibadili mbili. Zamani mpiganaji akigusa sakafu kwa mkono tu alihesabiwa kuwa yuko chini, na kumpiga goti la kichwa kukawa kosa. Basi wajanja wakawa wanagusa sakafu kwa kiganja ili wajikinge na sheria badala ya kujikinga kwa mikono. Sasa kiganja peke yake hakitoshi. Badiliko la pili liliruhusu kiwiko cha kushuka wima, ambacho kilikuwa kimekatazwa kwa zaidi ya miaka 20. Hilo la pili halikutufurahisha. Tunalitaja ili msomaji aone kuwa kubadili sheria si lazima kuwe kuzikaza.

Katika ngumi na katika MMA, majaji hutoa alama kwa namna moja. Mshindi wa raundi hupewa 10, aliyeshindwa 9, na akizidiwa sana, au katika ngumi akiangushwa, kwa kawaida hupewa 8. Inaonekana rahisi kama kusahihisha daftari la mtoto. Lakini dunia nzima inakumbuka Seoul mwaka 1988, katika fainali ya Olimpiki, Roy Jones wa Marekani alipompiga mwenyeji Park Si-hun karibu ngumi tatu kwa kila moja aliyopigwa, na bado majaji 3 kati ya 5 wakampa ushindi mwenyeji. Ngumi za Olimpiki zikaletewa mashine ya kuhesabu, vibonye vikaleta malalamiko yake, na baadaye wakarudi kwenye alama 10. Park mwenyewe hakuwa na raha na ile medali. Mwaka 2023 alisafiri hadi Marekani akamkabidhi Jones. Tulipowasimulia vijana habari hiyo walinyamaza kidogo, kisha mmoja akauliza kama majaji nao walikwenda kuomba radhi.

Watu wengi wakisikia majaji wamependelea, hufikiri hasara yake ni mkanda na fedha. Sisi tuliwahi kufikiri hivyo pia, kama mashabiki wengine wote wa redioni. Kazi ya zamu ya usiku ndiyo iliyotuonyesha upande mwingine.

Miaka kadhaa iliyopita, siku ya sikukuu, aliletwa kwetu kijana aliyekuwa amepigana katika ukumbi wa baa, ugenini. Hatutataja mahali wala mwandalizi. Alishuka kwenye gari mwenyewe, akataja jina lake na la baba yake, akasema kichwa kinamgonga tu na anaomba diklofenaki alale. Wenzake waliomleta walikuwa wakibishana kwa sauti kubwa kuhusu majaji, maana alishindwa kwa pointi nao wakaona ameibiwa. Tulipowauliza alipigwaje, mmoja akasema raundi mbili za mwisho alikuwa amesimama mikono ikiwa chini. Tukauliza kwa nini hawakutupa taulo. Jibu lake hatujalisahau. "Sista, ugenini majaji ni wao. Pointi hatuzipati hata tufanyeje. Tulimwambia aende akatafute KO."

Baada ya saa moja na nusu kijana alianza kuwa mzito wa kuamka. Akatapika mara mbili, na mkono wake wa kushoto ukalegea. Tuliandika rufaa, tukatafuta gari. Mashukuru ni kwa Mungu kwamba alifika Muhimbili, akafanyiwa upasuaji, akapona. Kupona kwake ni huko kwa kuishi. Anatembea, anauza machungwa stendi, na ukimsalimia inabidi usubiri kidogo kabla jibu halijatoka.

Basi tunasema hivi: jaji anayempendelea mwenyeji hamnyang'anyi mgeni ushindi tu. Anamwambia mgeni na kona yake kuwa njia pekee ya haki ni kumwangusha mwenzake. Kijana aliyekwisha kuchoka anarudishwa ulingoni kutafuta kile asichokuwa na nguvu za kukipata, na huko anapokea ngumi ambazo pambano lenye majaji wa kuaminika lisingemlazimu kuzipokea. Kwa sababu hiyo hatukubaliani na wanaosema kwanza turekebishe mambo ya daktari, mambo ya majaji yatafuata. Kadi ya jaji na tochi ya daktari zinamlinda mtoto yule yule.

Yapo marekebisho yanayoweza kusaidia. Jimbo la Kansas huko Marekani liliruhusu mwaka 2020 kwamba alama za MMA zionyeshwe baada ya kila raundi. Baraza la ngumi la WBC nalo limekuwa na utaratibu wa kutangaza alama baada ya raundi ya 4 na ya 8. Wapinzani wanasema anayeongoza atakuwa anakimbiakimbia tu na watazamaji watachoka. Na wachoke! Kona ikijua kwamba kijana wake amepoteza raundi zote na hana njia ya kushinda, kocha mwenye utu anapata sababu ya kusimamisha mbele ya watu wote bila kuitwa mwoga. Na jaji ambaye kadi yake inasomwa ukumbini baada ya raundi ya kwanza ataogopa kuandika mambo ya ajabu.

Jambo jingine ni majaji kuogopa kutoa 8. Kijana amepondwa dakika zote, jaji anaandika 10 kwa 9 kama vile raundi ilikuwa ya ushindani, na kwa hesabu hiyo aliyepondwa anaonekana bado yumo mchezoni. Wenye MMA walilikubali hilo, na kuanzia mwaka 2017 maelekezo yao yanawataka majaji waangalie kwanza madhara ya mapigo, na wasione haya kutoa 10 kwa 8. Hapo tunawapongeza.

Sasa turudi kwenye mwili wa binadamu, ambako ndiko tulikosomea. Ndani ya fuvu kuna mishipa midogo inayopita kutoka kwenye ubongo kwenda kwenye utando wake. Kichwa kikipigwa kikazunguka ghafla, mshipa unaweza kuchanika na damu ikaanza kuvuja polepole. Mtu anaweza kuongea, kucheka, hata kula chipsi, huku damu inajikusanya. Ndiyo maana kumaliza pambano kwa miguu yako hakuthibitishi kitu. Tarehe 2 Agosti 2025, katika ukumbi wa Korakuen mjini Tokyo, Shigetoshi Kotari alimaliza raundi zote 12 wakatoka sare na mpinzani wake, kisha akazirai. Katika mapambano ya usiku huo huo Hiromasa Urakawa naye aliangushwa raundi ya 8. Wote wawili walipasuliwa kichwa, na wote wawili walifariki siku chache baadaye. Wajapani walipunguza mara moja mapambano ya ubingwa wa ukanda wao kutoka raundi 12 hadi 10, na wakaanza kuangalia jinsi mabondia wanavyokausha mwili ili wafikie uzito.

Kukausha mwili huko, ndugu zangu, tunakuona hapa kwetu. Kijana anavaa nailoni na sweta mbili, anakimbia saa nane mchana, hanywi maji tangu jana, ili mzani umkubali. Mwili uliokauka na kichwa kinachokwenda kupigwa ni vitu visivyofaa kukutana.

Afrika yetu nayo imeonywa. Juni 2022 mjini Durban, Simiso Buthelezi alikuwa anaongoza, na mara akamgeukia mahali pasipo na mtu akaanza kupiga ngumi hewani. Mwamuzi alisimamisha pambano palepale, na alifanya vema, lakini kijana alifariki siku mbili baadaye. Na kwetu nyumbani, mwishoni mwa Desemba 2024, bondia Hassan Mgaya alifariki dunia baada ya kuangushwa katika pambano jijini Dar es Salaam. Sisi hatukuwapo na hatunyooshei mtu kidole. Tulichofanya ni kukata habari hiyo gazetini na kuibandika pale vijana wanapofungia viatu vya mazoezi.

Wakati mwingine mabadiliko huja baada ya msiba. Novemba 1982, Kim Duk-koo wa Korea aliangushwa raundi ya 14 huko Las Vegas, akafa. Ndipo WBC ikapunguza raundi za ubingwa kutoka 15 hadi 12. Kinachosahauliwa na wasimulizi wengi ni kwamba mama yake mzazi alijitoa uhai miezi michache baadaye. Akina mama hatuandikwi kwenye kadi.

Je, tupige marufuku kabisa? Zanzibar walifanya hivyo. Tangu enzi ya Mzee Karume ngumi zilikatazwa visiwani kwa miongo mingi, na hatusikii kwamba Wazanzibari walipungukiwa na utu kwa kukosa ulingo. Hata hivyo katazo limeondolewa, na Januari 2024 Hassan Mwakinyo wa Tanga alipigana Unguja mbele ya umati. Sisi hatutetei marufuku. Tunachoogopa ni kwamba ngumi zikikatazwa ukumbini zitahamia nyuma ya baa, ambako hakuna hata mwenye saa ya kuhesabu dakika. Kamisheni ya ngumi za kulipwa, TPBRC, ipo. Baraza la Michezo la Taifa lipo. Ngumi za ridhaa zina shirikisho lao. Huko nyuma ngumi za kulipwa zilikuwa na vyombo kadhaa vilivyokuwa vikishindana, na bondia akifungiwa huku alikwenda kule. Afadhali mlango mmoja.

Tunachokitaka kwenye mlango huo ni kumbukumbu. Katika ngumi za ridhaa ilikuwa kanuni ya miaka mingi kwamba aliyeangushwa kwa kupigwa kichwa hapigani wala hafanyi mazoezi ya kupigana kwa siku zisizopungua 30. Mara mbili ndani ya miezi mitatu, anapumzika miezi mitatu. Mara tatu ndani ya mwaka, mwaka mzima. Kanuni nzuri hiyo. Lakini inahitaji daftari, kama kadi ya kliniki ya mtoto, ambalo bondia hawezi kupanda ulingoni bila kulionyesha, awe Tanga, Morogoro au Chalinze. Kijana aliyeangushwa Jumamosi akipigana tena mji wa pili baada ya wiki mbili kwa jina la utani jipya, hakuna mwamuzi atakayejua.

Pia kuna sisi watazamaji. Mwaka 2018 Mwakinyo alipomsimamisha Sam Eggington kule Birmingham katika raundi ya pili, nchi nzima ilimbeba. Septemba 2022 akasimamishwa raundi ya 4 na Liam Smith huko Liverpool, akasema ameumia mguu, na watu wakamcheka kuanzia vijiweni hadi redioni. Hatujui maumivu ya mguu wa mtu. Tunajua tu kwamba vijana wetu walisikia kicheko kile, na wamejifunza kuwa anayesimama mwenyewe huchekwa.

Mwezi uliopita mama mmoja wa kikundi chetu alitujia na karatasi. Mwanawe, kijana wa miaka 20 anayeimba besi kwaya ya vijana, alikuwa amepewa pambano la raundi 6 katika mji wa jirani dhidi ya kijana wa hapo hapo. Karatasi ilitaja tarehe, uzito, na malipo ambayo hayakufika bei ya tairi mbili za pikipiki. Daktari hakutajwa. Majaji hawakutajwa, wala kibali. Mama akauliza, "Dada, hapa ninyi mnaona nini?"

Tuliketi naye tukaandika barua, kwa heshima zote, kumuuliza mwandalizi nani daktari wa siku hiyo, majaji wanatoka wapi, vijana watapimwa uzito lini ili wapate muda wa kunywa maji na kula, na gari la kumpeleka mtu hospitali liko wapi. Kwa sisi tulio Ubena swali la gari si dogo. Kimbilio letu la upasuaji wa ubongo ni taasisi ya MOI pale Muhimbili, zaidi ya kilomita 100, kwenye barabara ya malori. Tukamweleza mama na dalili, akaziandika nyuma ya karatasi ile: kichwa kinachozidi kuuma, kutapika, usingizi usio wa kawaida, maneno kuvurugika, upande mmoja kulegea, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine. Usiku wa pambano kijana asilale peke yake, aamshwe kila baada ya muda na kuulizwa jina lake. Asipewe aspirini wala diklofenaki, panadoli inatosha. Dalili moja ikitokea, ni hospitali, si kusubiri kuche.

Mwandalizi alijibu kwa simu, tena kwa adabu. Daktari atakuwepo, majaji ni watu wazoefu wa mji ule, na gari lipo. Mjomba wa kijana, ambaye ni fundi magari na si mtu wa maneno mengi, alikwenda mwenyewe kuliangalia. Lilikuwa ile pikapu ya matangazo, na nyuma imejaa spika.

Mama alikataa. Kijana ni mtu mzima, angeweza kwenda bila baraka zake, na alisema atakwenda. Aliyemzuia ni kocha wake, mzee aliyepata kupigana ujanani na ambaye sikio lake moja halisikii. Alikataa kukaa kwenye kona, na bila kona pambano halikuwezekana. Mwandalizi aliweka kijana mwingine.

Bwana mdogo amekasirika. Jumapili mbili sasa anaimba kwaya, ibada ikiisha anapita upande wa pili wa jengo ili asitusalimie. Kocha anamtafutia pambano la raundi 4 lenye kibali cha Kamisheni, na mama yake ametuomba tumsindikize siku ya kupimwa afya. Tumekubali. Nauli tumekwisha kuiweka kando, ikiwa yeye mwenyewe atakubali kupanda basi moja nasi.